Data tunazozalisha kila siku kwa simu zetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mazungumzo yanapogusa simu, pesa za mtandao na faragha, iwe ofisini, kwenye kundi la familia au kwenye foleni ya kusajili laini. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, kwa sababu huku simu ndiyo benki, ndiyo posta, na kwa wengi ndiyo kompyuta pekee waliyonayo. Ukisoma majibu kwa mfululizo utaona jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: data zinazomaliza bando na kujaza diski sizo zinazokueleza zaidi. Zinazokueleza zaidi ni nyepesi mno.

## Mambo ya msingi

1. Nikipiga simu ya dakika moja tu, kampuni ya simu inaandika nini?

Inaandika mstari mmoja wa rekodi. Ndani yake mna namba yako, namba uliyoipigia, saa na sekunde simu ilipoanza, muda iliodumu, namba ya utambulisho wa laini (IMSI), namba ya kifaa chenyewe (IMEI, ile ya tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#) na mnara uliokuhudumia. Mara nyingi huandikwa hata upande wa mnara, maana mnara mmoja huwa na antena zinazoelekea pande tofauti. Rekodi hii kwanza ni ya biashara: bila hiyo kampuni haiwezi kukata salio lako wala kudaiana na mtandao mwingine uliopokea simu.

Ukiuandika mstari huo kwa maandishi ya kawaida, hesabu herufi mia mbili au mia tatu hivi. Sauti ya dakika ileile, kwa kiwango cha kawaida cha simu za mkononi cha kilobiti 12.2 kwa sekunde, ni kama kilobaiti 90, yaani takriban mara 300 zaidi. Kwa kawaida sauti hupita ikapotea. Mstari ndio unaobaki.

Ujumbe mfupi unaonyesha jambo hili vizuri zaidi. SMS ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, ambazo kitaalamu ni baiti 140 tu. Rekodi ya kwamba uliituma inaweza kuwa nzito kuliko ujumbe wenyewe.

2. Natumia kiswaswadu, sina intaneti kabisa. Mimi pia nazalisha data?

Ndiyo, na zile zinazokueleza zaidi. Rekodi ya swali la 1 haijali kama simu ni janja au ya batani. Menyu za nyota na reli nazo ni hivyohivyo: ukibonyeza *150*00# Tanzania au *334# Kenya kufungua M-Pesa, kila hatua inapita kwenye mitambo ya kampuni na muamala unahifadhiwa.

Zaidi ya hapo, simu iliyowashwa huwasiliana na mtandao hata ikiwa mfukoni. Ukisafiri kutoka eneo la kundi moja la minara kwenda jingine, simu hutoa taarifa kwamba sasa iko huku, ili mtu akikupigia mtandao ujue pa kukutafuta. Hata usiposafiri, hurudia kujitambulisha kila baada ya muda. Ukiizima au ukiiweka katika hali ya ndegeni, mawasiliano hayo hukoma.

3. Bando langu linaisha haraka. Je, hizo gigabaiti zote ni habari zangu zinazochukuliwa?

Hapana. Karibu zote ni vitu vinavyokuja kwako: video, picha za kwenye kurasa, masasisho ya programu. Video ndiyo inayokula zaidi, ikifuatiwa na programu zinazojisasisha zenyewe usiku. Kama shida yako ni bando tu, zima kujicheza kwa video na uruhusu masasisho kwenye Wi-Fi pekee. Utaona tofauti.

Habari zinazotoka kwako ni sehemu ndogo sana: uligusa nini, ulitazama sekunde ngapi ukapita, ulirudi kutazama mara ya pili, uko wapi, betri imebaki asilimia ngapi. Huwezi kuziona kwenye bando kwa sababu ni herufi chache tu. Video ya dakika tatu ni megabaiti kadhaa na inafanana kwa kila anayeitazama. Taarifa kwamba wewe uliitazama yote saa nane usiku ni baiti chache, na ni yako peke yako.

4. Takwimu kubwakubwa za "zetabaiti" zinatoka wapi, na zina maana gani?

Zetabaiti moja ni bilioni moja za terabaiti. Ni 1 ikifuatwa na sifuri 21. Kampuni ya utafiti ya IDC ilikadiria kwamba mwaka 2020 dunia ilizalisha au kunakili zetabaiti 64.2. Wanaonukuu makadirio hayo husahau nusu yake ya pili: kampuni hiyohiyo ilikadiria kwamba ni takriban asilimia 2 tu iliyohifadhiwa hadi mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ni video zinazotiririshwa, nakala za muda na ishara za vihisi ambazo hutumika na kufutwa.

Linganisha na rekodi za simu. Mwishoni mwa 2024 Tanzania ilikuwa na laini zaidi ya milioni 80. Kwa ajili ya hesabu tu, chukulia kila laini inazalisha mistari kumi kwa siku. Hiyo ni mistari milioni 800. Kwa baiti 300 kila mstari, unapata gigabaiti 240. Nani alimpigia nani nchi nzima, saa ngapi, akiwa karibu na mnara gani, kwa siku nzima, vinaingia kwenye diski ya nje unayoweza kuinunua Kariakoo na kuitia mfukoni. Ndiyo maana mtu akiniambia "data ni nyingi mno, hakuna atakayeniona humo," huwa namwomba afanye hesabu hii.

## Pesa, umeme na mikopo

5. Muamala mmoja wa pesa kwa simu unaacha nini nyuma?

Unaacha kiasi, makato, namba na jina la aliyetuma, namba na jina la aliyepokea, wakala au duka kama lipo, saa, salio lililobaki na namba ya muamala. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, ilikuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Leo humo mna nauli, ada ya shule, rambirambi, michango ya harusi, sadaka, dawa na kodi ya nyumba.

Kila muamala peke yake hausemi mengi. Miezi sita ya miamala inasema. Inaonyesha mshahara unaingia tarehe ngapi na unaisha tarehe ngapi, unasali wapi kama unatoa sadaka kwa simu, ni ndugu yupi unayemsaidia kila mwezi, na kama hivi karibuni umeanza kununua dawa kwenye duka lilelile kila wiki. Benki za zamani hazikuwahi kuwa na picha ya namna hii ya mtu mwenye kipato kidogo, kwa sababu mtu huyo hakuwa na akaunti.

6. Kwa nini mwaka 2024 tuliambiwa tuingize tarakimu za ziada kwenye mita ya umeme ya LUKU?

Kwa sababu ya tarehe iliyofichwa ndani ya tokeni. Tarakimu 20 unazopewa ukinunua umeme hazibebi uniti peke yake. Zina pia alama ya dakika tokeni ilipotengenezwa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita hukumbuka alama hizo, na ndiyo sababu tokeni iliyokwisha kutumika haikubali mara ya pili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, karibu miaka 32, na ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mfumo huo ni wa kimataifa, hivyo Kenya na nchi nyingine zilifanya zoezi hilohilo: namba mbili za kuiwekea mita mwanzo mpya wa kuhesabu, kisha tokeni yenyewe.

Mita yenyewe ni somo zuri la jinsi data zinavyohama kazi. Ilifungwa ili TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ilipwe kabla ya umeme kutumika. Lakini orodha ya mita zinazonunua umeme ni orodha ya nyumba zenye watu, na tangu Agosti 2021 Serikali ya Tanzania inakusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi huohuo. Aliyefungiwa mita miaka kumi kabla hakuulizwa kuhusu hilo, kwa sababu wakati huo hakuna aliyelifikiria. Kwa maoni yangu hili ndilo swali la kuuliza kuhusu mfumo wowote mpya: utatumikaje na mtu atakayekuja baadaye akaukuta umejaa?

7. Na lile daftari la wakala wa pesa za simu?

Nalo ni data, na kwa miaka mingi lilikuwa ndilo sehemu dhaifu kuliko zote. Jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi na saini, vyote kwenye daftari lililo wazi mezani ambalo kila mteja angeweza kusoma mistari iliyo juu ya wake. Matapeli hawakuhitaji ujuzi wa kompyuta. Ukiona daftari la aina hiyo, una haki ya kuomba kurasa za wengine zifunikwe kabla hujaandika zako. Wakala mwema hatakasirika.

8. Programu za mikopo zinajuaje kiasi cha kunikopesha bila kuniona?

Zinasoma simu yako. Kwa miaka mingi programu nyingi ziliomba ruhusa ya kuona ujumbe mfupi, majina ya kwenye simu, mahali ulipo na orodha ya programu nyingine ulizonazo. Ujumbe wa muamala unaobaki kwenye simu (tazama swali la 5) unatosha kukadiria kipato chako. Benki nazo zilikuwa na njia yao: M-Shwari, iliyoanza Kenya Novemba 2012, ilitumia historia ya mteja kwenye mtandao wa simu kumpa kiwango cha mkopo.

Ubaya mkubwa ulikuwa kwenye majina ya kwenye simu. Ukichelewa kulipa, mama mkwe, bosi na fundi wako wote wanapigiwa simu na kutumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Watu hao hawakukopa, hawakuruhusu chochote, namba zao zilichukuliwa kwa sababu tu wewe unawafahamu. Hili ndilo jambo linaloniuma zaidi katika habari hii yote. Ruhusa ya mtu mmoja ilifungua daftari la watu mia tatu.

Hatua zimechukuliwa. Google ilizizuia programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha za mtumiaji kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Kenya iliweka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 chini ya Benki Kuu, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba zilizopatikana kwa watu wengine kuwatisha waliokopa. Tanzania, ambako mikopo ya namna hii huitwa kausha damu, Benki Kuu ilitoa Novemba 2024 orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila kibali. Kabla ya kupakua, angalia kama mkopeshaji ana leseni. Na programu inayokutumia faili la kusakinisha nje ya duka rasmi, iache: vizuizi vya Google haviifikii huko.

## Ujumbe, picha na mazungumzo

9. WhatsApp wanasema ujumbe umefungwa. Basi kuna data gani tena?

Kufungwa ni kweli. Tangu Aprili 2016 ujumbe, simu na picha za WhatsApp husafiri zikiwa zimefungwa kiasi kwamba ni simu ya mtumaji na ya mpokeaji tu zinazoweza kuzifungua. Seva hubeba bahasha bila kuona barua, na ujumbe usiofika huhifadhiwa hadi siku 30 kisha hufutwa.

Kisichofungwa ni kilicho juu ya bahasha: namba yako, namba ulizonazo kwenye simu, makundi uliyomo, unatumia simu gani, umeunganishwa kutoka wapi. Fikiria mtu aliyepiga simu maabara ya hospitali asubuhi, akampigia dada yake kwa nusu saa, kisha akapiga kwa mkopeshaji. Hujasikia hata neno moja la mazungumzo hayo, na bado umekwisha kuelewa.

Angalia pia nakala ya akiba. Ukihifadhi mazungumzo kwenye akaunti ya Google au iCloud bila kuwasha ufungaji wa nakala hiyo, yako nje ya ulinzi huo. Ufungaji huo wa nakala upo kwenye mipangilio ya mazungumzo. Uwashe, na uandike nenosiri lake mahali salama, kwa sababu ukilipoteza hakuna wa kukurudishia.

10. Picha moja inaweza kueleza nini zaidi ya kile kinachoonekana?

Mahali, siku na saa ilipopigwa, na aina ya simu. Kamera ya megapikseli 12 hunasa nukta milioni 12. Kila nukta ikichukua baiti tatu ni megabaiti 36, ambazo simu huzibana hadi kama tatu hivi. Viwianishi vya mahali ulipokuwa vinachukua baiti 48 tu ndani ya faili hilo, na katika eneo la wazi vinaweza kukuonyesha kwa tofauti ya mita chache.

Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama hati ili isipoteze ubora, hubaki. Wanaouza vitu mtandaoni wakiwa nyumbani wazingatie hilo. Njia rahisi ni kuinyima kamera ruhusa ya kujua mahali.

Kwa watoto, tatizo kubwa ni picha yenyewe. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza Roma School ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Sare na jina la shule vinatosha kumwambia mgeni mtoto huyu yuko wapi saa mbili asubuhi.

11. Niliongea kuhusu friji, kesho yake nikaona tangazo la friji. Simu inanisikiliza?

Hakuna ushahidi kwamba inarekodi mazungumzo mchana kutwa kwa ajili ya matangazo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima zaidi ya programu 17,000 za Android mwaka 2018 na hawakukuta hata moja inayotuma sauti kwa siri. Walichokuta, nacho si kidogo, ni programu zilizopiga picha au video ya skrini na kuzituma kwa kampuni nyingine. Hesabu nayo inasaidia: sauti ya saa 16 kwa kiwango cha swali la 1 ni karibu megabaiti 88 kwa siku. Ungeiona kwenye bando, na betri ingelalamika.

Tangazo la friji lina maelezo mepesi zaidi. Pengine uliyeongea naye aliitafuta friji hiyo, na simu zenu zilikuwa kwenye Wi-Fi moja. Pengine wewe mwenyewe ulitazama ukurasa wa duka kwa sekunde chache ukasahau. Kwenye simu ya Android unaweza kufuta kitambulisho chako cha matangazo katika sehemu ya faragha. Matangazo hayatakoma, ila hayatakujua sana kama awali.

## Wanaozitumia, na haki zako

12. Kuna faida yoyote kwa jamii, au ni hatari tu?

Ipo, na baadhi imeonekana hapa kwetu mapema kuliko sehemu nyingi. Mwaka 2009 watafiti walitumia rekodi za simu za Zanzibar za Oktoba hadi Desemba 2008 kukadiria ni wasafiri wangapi wanaorudi na vimelea vya malaria kutoka bara. Swali lilikuwa zito: visiwa vilikuwa vimepunguza malaria sana, na vilitaka kujua kama kuimaliza kabisa kunawezekana huku boti zikienda na kurudi Dar es Salaam kila siku.

Mwaka 2012 Amy Wesolowski, Caroline Buckee na wenzao walichapisha katika jarida la Science utafiti uliotumia rekodi za karibu simu milioni 15 za Kenya, za kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009. Walizilinganisha na ramani ya malaria, wakaona jinsi vimelea vinavyosafiri na watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria hadi Nairobi. Hakuna mtihani wa damu ungeweza kuonyesha safari hizo kwa ukubwa huo. Mistari ileile ya swali la 1, isiyo na sauti wala picha, ndiyo iliyofanya kazi.

13. Wakiondoa jina na namba yangu, si niko salama?

Unakuwa salama zaidi, ila si salama kabisa. Utafiti uliochapishwa 2013 na Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake ulichunguza rekodi za watu milioni moja na nusu zisizo na majina. Pointi nne tu za mahali na saa zilitosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Simu inayolala Mbagala, inayoshinda Posta, inayokwenda Chanika kila Jumapili na iliyokuwa Moshi wakati wa Krismasi: wanaokufahamu hawahitaji jina.

Ndiyo maana tafiti nzuri, kama zile za swali la 12, hutoa matokeo kwa maeneo na makundi. Anayekuahidi kwamba ameondoa majina, muulize pia ameacha nini.

14. Polisi na mahakama wanaweza kuzipata?

Ndiyo, kwa utaratibu wa kisheria, na rekodi za simu hutolewa kama ushahidi mara kwa mara. Kumbuka kwamba rekodi huonyesha simu ilikuwa karibu na mnara gani. Nani alikuwa ameishika ni jambo jingine la kuthibitishwa (tazama swali la 17 na la 18).

15. Sheria inanipa haki gani hasa?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uganda imekuwa na yake tangu 2019 na Rwanda tangu 2021. Anayeishi Ulaya analindwa na kanuni za huko zilizoanza tarehe 25 Mei 2018.

Zote zinakaribiana: una haki ya kuambiwa taarifa zako zinachukuliwa kwa ajili ya nini, kuziona, kusahihisha zilizokosewa, kukataa zisitumike kwa matangazo, na katika hali fulani kutaka zifutwe. Unaweza pia kupinga uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, kama vile kunyimwa mkopo. Kenya, lalamiko lililofikishwa kwa Kamishna linapaswa kumalizika ndani ya siku 90.

Andika ombi lako kwa kampuni kwanza, kwa barua pepe au barua yenye tarehe, na utunze nakala. Walalamikaji wengi hukwama kwa sababu walilalamika kwa simu tu na hawana cha kuonyesha.

16. Na kupima jicho kwa malipo, kama ilivyokuwa kwa Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali?

Mwishoni mwa Julai 2023 maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi, ikiwemo kwenye jumba la KICC, wakapigwa picha ya mboni ya jicho kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Simlaumu aliyepanga foleni. 7,000 ni chakula cha nyumba kwa siku kadhaa. Tatizo ni kwamba nenosiri hubadilishwa, laini hubadilishwa, jicho halibadilishwi. Alama za vidole zina sifa hiyohiyo, ndiyo maana msajili wa laini anayekuambia "weka tena kidole, haijasoma" mara nyingi mno anastahili kusimamishwa na kuulizwa.

## Hali zisizo za kawaida

17. Laini yangu imesajiliwa kwa jina la mjomba. Kuna shida?

Ipo, kwenu nyote wawili. Kisheria data za laini hiyo zinamhusu yeye: mkopo usiolipwa, ujumbe wa matusi, muamala unaochunguzwa, vyote vinaanzia kwake. Na wewe ukipoteza laini hutaweza kuirudisha bila yeye. Tanzania, tangu usajili wa alama za vidole uliokamilika Januari 2020, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika ukaifute. Fanya hivyo mara kwa mara, si mara moja.

18. Simu moja tunaitumia mke, mume na watoto. Data zinakuwa za nani?

Mfumo unamwona mtu mmoja wa ajabu anayependa katuni, mahubiri na mpira. Kwa matangazo haina madhara makubwa. Kwa mkopo ina madhara, kwa sababu matumizi ya mwingine yanaweza kukupandisha au kukushusha. Na mwenye familia asisahau upande wa pili: anayeshika simu ya pamoja husoma ujumbe wa kliniki, wa benki na wa marafiki wa mwenzake. Namba tofauti za siri za pesa na kufunga programu moja moja vinasaidia.

19. Naishi karibu na Namanga, simu inashika mnara wa upande wa pili. Nani anaandika?

Wote wawili. Mtandao wa nchi jirani unaandika kwamba ulihudumia laini ya kigeni, kisha unatuma rekodi kwa kampuni yako ili walipane. Kwa hiyo safari ambayo hukuifanya inaweza kuonekana kwenye rekodi. Ukitaka kuepuka makato, chagua mtandao mwenyewe kwenye mipangilio badala ya kuacha simu ichague.

20. Nauza simu yangu. Kufuta picha kunatosha?

Hakutoshi. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti ya Google au Apple, kisha irudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Simu zilizotoka na Android 10 na kuendelea hufunga data zake kwa ufunguo, na urejeshaji huo huharibu ufunguo, hivyo kilichobaki hakisomeki. Simu za zamani sana hazina uhakika huo. Afadhali abaki nayo mtu wa nyumbani.

Rekodi zilizo kwa kampuni (swali la 1 na la 5) haziguswi na chochote unachofanya kwenye kifaa. Na IMEI inakwenda na simu kwa mnunuzi, kwa hiyo andikishaneni, hata kwa ujumbe mfupi wenye tarehe.

21. Niliacha laini bila kuitumia, sasa namba amepewa mtu mwingine. Je, anaona mambo yangu?

Hapati rekodi zako za zamani, ila anapokea kila kinachotumwa kwa namba hiyo kuanzia sasa: taarifa za benki, namba za kuthibitisha, salamu za ndugu. Akisakinisha WhatsApp kwa namba hiyo anaweza kujikuta ndani ya makundi yako. Kabla ya kuacha namba, ibadilishe kwanza benki, kwenye barua pepe na mitandao yote, na utumie kipengele cha kubadilisha namba ndani ya WhatsApp. Ukiwa umechelewa, anza na benki leo.

22. Ndugu yetu amefariki. Simu yake na akaunti zake tuzifanyeje?

Msiwe na haraka ya kuizima laini. Namba za kuthibitisha za benki na barua pepe zitakuja humo, na mkiifunga mapema mtajifungia nje. Wala msitoe pesa kwa kutumia namba yake ya siri mnayoijua: pesa hizo ni za mirathi, na kila muamala baada ya saa ya kifo unabaki kwenye rekodi na unaweza kuwagombanisha warithi mbele ya hakimu. Msimamizi wa mirathi aende duka la kampuni ya simu na cheti cha kifo pamoja na barua ya uteuzi, aombe taarifa ya salio na miamala.

Facebook huweza kugeuza ukurasa kuwa wa kumbukumbu ukiomba na kuthibitisha kifo. Kwa Google, mtu akiwa hai anaweza kuchagua nani apewe data zake akaunti isipotumika kwa muda kati ya miezi 3 na 18. Kama marehemu hakuweka hilo, kuna fomu ya ndugu, na majibu huchukua muda. Picha na sauti zilizo kwenye simu yenyewe zinakilini kabla ya lolote, kwenye vifaa viwili tofauti.